Ubishi Una Adabu Yake

Mji wa Gdańsk, ulioko kaskazini mwa Poland katika pwani ya Bahari ya Baltiki, una jina la pili. Wajerumani, ambao waliishi humo kwa karne nyingi, waliuita Danzig. Mizinga ya kwanza ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilisikika mjini humo alfajiri ya tarehe 1 Septemba, 1939. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba zaidi ya nusu karne baada ya vita hivyo, watu wasiojuana kwa sura walikesha wakifutiana jina la mji huo, asifanye haraka kucheka.

Walikuwa wakifutiana katika Wikipedia, kamusi elezo ya intaneti iliyoanzishwa nchini Marekani tarehe 15 Januari, 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger. Kamusi hiyo haina mhariri mkuu wala karani wa mshahara. Mtu yeyote aweza kuandika humo, na mtu yeyote aweza kusahihisha alichoandika mwenziwe. Basi mmoja aliandika Danzig. Wa pili akafuta akaandika Gdańsk. Wa kwanza akarejea akafuta alichoandika wa pili. Hatimaye, kati ya tarehe 18 Februari na 4 Machi, 2005, wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza walipiga kura. Ikaamuliwa kwamba kwa habari za tangu mwaka 1308 hadi 1945 mji utaitwa Danzig, na kwa habari za kabla na baada ya hapo utaitwa Gdańsk. Na jina moja litajwapo mara ya kwanza, lile jingine liandikwe pembeni yake. Bila shaka wapo walionung'unika. Lakini msomaji alipata ukurasa uliotulia, na hilo ndilo alilolifuata.

Ndugu walimu na watumishi wa umma wanaijua vizuri kazi ya pamoja yenye amri: kuna mkubwa na mdogo, kuna faili, kuna sahihi ya mwisho. Kazi isiyo na amri ni jambo jingine kabisa. Mfanyakazi wa kujitolea akivunjiwa heshima haandiki barua ya malalamiko. Huondoka tu, wala hakuna anayejua kwamba ameondoka. Ndiyo sababu watu hawa, waliokusanyika pasipo kuitwa, walijitungia adabu ya kubishana.

Kila makala ina ukurasa wake wa majadiliano, na humo ndimo inapotakiwa hoja ipelekwe badala ya kufutana kimyakimya. Historia ya kila badiliko huhifadhiwa, hata mwenye kufuta huacha alama ya mkono wake. Mhariri huhimizwa amdhanie mwenziwe nia njema mpaka ushahidi uonyeshe vinginevyo, na aseme juu ya maandishi, asimseme mwandishi. Tena mwezi Novemba, 2004 ikawekwa sheria katika Wikipedia ya Kiingereza kwamba asiwepo mhariri wa kutengua kazi ya wengine zaidi ya mara tatu katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24. Sheria hiyo ina jambo la ajabu: haiulizi nani mwenye haki. Mwenye haki anayefuta mara ya nne aweza kufungiwa sawasawa na mwenye makosa. Kwa mtu aliyezoea mahakama, hiyo yaonekana kuwa dhuluma. Lakini kila mgomvi hujiona ndiye mwenye haki, na kama ruhusa ingetolewa kwa wenye haki peke yao, wote wangeitumia.

Si kwamba adabu hiyo imewafanya wawe watu wa maneno machache. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2012 hadi Januari, 2013 walibishana kama herufi moja katika jina la filamu, Star Trek Into Darkness, iwe kubwa au ndogo, na ubishi huo ukala maneno zaidi ya 40,000. Hayo yangetosha kitabu kizima. Hata hivyo hakuna aliyeumia, na wenye kuupenda mchezo huo waachwe wacheze.

Penye maumivu ni kwa mgeni. Wahenga waliagiza kwamba mgeni alishwe siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Katika kamusi elezo mgeni hujichukulia jembe siku ile ile ya kwanza, akalima pasipotakiwa, akafutiwa kazi yake yote kwa dakika moja, mara nyingine na programu isiyo na macho, bila ya neno la heri. Idadi ya wahariri hai wa Wikipedia ya Kiingereza ilifika kilele mwaka 2007, kisha ikashuka kwa miaka kadhaa. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2013 walionyesha kwamba kanuni na mitambo iliyowekwa ili kuwazuia waharibifu iliwafukuza pia wageni wenye nia njema. Kanuni ya kutowang'ata wageni ilikuwapo muda wote huo. Imeandikwa vizuri sana.

Lakini adabu ina hatari yake pia, na mfano wake uko Kroatia. Kwa miaka mingi kikundi kidogo cha wasimamizi kiliishika Wikipedia ya Kikroatia. Makala za historia zilipunguza uzito wa maovu ya dola ya Ustasha, iliyoshirikiana na Hitler tangu 1941 hadi 1945. Mhariri aliyepinga alifungiwa, na ubishi ukaitwa utovu wa nidhamu. Mwaka 2013 Waziri wa Elimu wa nchi hiyo alilazimika kuwatahadharisha wanafunzi wasiitegemee kamusi elezo ya lugha yao wenyewe. Fikiria mwalimu anayeambiwa hivyo! Ilichukua mpaka mwaka 2020 kwa jumuiya pana ya wahariri kumwondoa kinara wa kikundi hicho, na mwaka 2021 taasisi inayomiliki Wikipedia ikatoa ripoti iliyokiri kwamba kikundi kiliitumia kamusi kupotosha historia. Utulivu wa nyumba ile ulitokana na kufukuzwa kwa wabishi.

Naam, na taasisi yenyewe nayo haikusalimika. Mwezi Juni, 2019 ilimfungia kwa mwaka mmoja msimamizi mzoefu wa Wikipedia ya Kiingereza kwa jinsi alivyowatendea wenziwe, pasipo kutangaza ushahidi. Wasimamizi wapatao 20 walijiuzulu kwa hasira. Mwezi Septemba baraza la usuluhishi, linalochaguliwa na wahariri wenyewe, likaifuta adhabu ya kufungiwa, lakini halikumrudishia cheo. Uamuzi huo ulikuwa wa busara: mtu aweza kuwa amekosa, na bado akastahili kuliona shitaka lake.

Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na wanaoiandika kila siku ni wachache mno ukilinganisha na mamilioni ya wasemaji wa lugha hii. Wasimamizi wake huitwa wakabidhi. Katika nyumba ya watu wachache, ulimi mmoja mkali hutosha kuimaliza. Na mambo ya kubishania hayakosekani: Mkenya aliyefundishwa tarakilishi na Mtanzania asemaye kompyuta wote wanasema Kiswahili, ilhali makala yaweza kuwa na kichwa kimoja tu.

Yamkini mwalimu wa sekondari akakuta kwamba makala ya wilaya yake imekosea mwaka wa kuanzishwa kwa shule. Anasahihisha, anataja kitabu na ukurasa. Kesho yake anakuta sahihisho limefutwa na mtu mwenye jina la kupanga. Aweza kulirudisha kwa hasira, na mwenziwe akalifuta tena. Ama aweza kufungua ukurasa wa majadiliano na kuandika: Ndugu, nimeona umefuta sahihisho langu la jana. Kitabu nilichokitumia nimekitaja. Je, wewe una kipi?