Giaboksi Ifunguliwe Mwisho, Si Mwanzo

Maelezo yaliyotolewa kwa madereva, mafundi na wamiliki wa magari mjini Zombe, Kitui Mashariki

 

Nimeombwa nizungumze juu ya giaboksi za otomatiki katika magari ya foo-wili yaliyozeeka. Jambo hili linatuhusu sisi wa Zombe kuliko wengi. Sheria ya Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8 kuingizwa nchini. Kwa hiyo Prado, Surf na Pajero za miaka ya 1990 tunazoziona hapa zimekaa nchini miaka mingi, zimepita katika mikono ya watu wengi, na mwenye gari wa leo hajui yote yaliyofanywa na waliomtangulia. Lakini ndiyo magari yanayofika Endau na Malalani, yanayovuka mchanga wa Mto Thua, yanayobeba ndengu na mbuzi. Mgonjwa anapozidiwa usiku na kutakiwa hospitali ya rufaa mjini Kitui, hakuna anayeuliza gari limetengenezwa mwaka gani. Gari kama hilo likikataa kwenda, anayekwama si mwenyewe peke yake.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka ya nyuma mzee mmoja aliniletea Prado kuukuu. Gari lilikuwa halibadilishi gia sawasawa, na taa ya O/D OFF ilikuwa ikimetameta kwenye dashibodi. Nililiendesha mara moja tu, nikamwambia, "Mzee, klachi za ndani zimeisha." Aliuza mbuzi kadhaa ili anilipe. Nikateremsha giaboksi, nikaifungua, na nikakuta klachi ni nzima. Shida ilikuwa waya wa sensa ya mwendo, ulioguguna na panya chini ya gari. Waya ule ungeweza kuungwa kwa muda mfupi na kwa pesa kidogo. Nilimrudishia mzee pesa za kazi yangu, lakini mbuzi wake walikuwa wameshauzwa. Tangu siku hiyo nina kanuni moja: giaboksi ifunguliwe mwisho, si mwanzo. Kabla ya hapo kuna hatua nne.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba shida ni ya giaboksi

Gari la foo-wili lina kasha la pili nyuma ya giaboksi, yaani transfa, lenye wenzo wake mdogo. Wenzo huo ukiwa kwenye N, hata ukiweka D na kukanyaga mafuta, injini itanguruma na gari halitasogea. Nimeona watu wakiita gari la kuvuta kwa sababu mtoto aliyekuwa akicheza ndani ya gari alisukuma wenzo huo. Uangalie kwanza.

Pili, pima nguvu za injini. Vumbi la barabara zetu huziba chujio la hewa, na dizeli chafu huziba chujio la mafuta. Injini ikikosa nguvu, gari huwa zito mlimani na dereva husema giaboksi inateleza. Tofautisha hivi: giaboksi ikiteleza, mizunguko ya injini hupanda juu lakini gari haliongezi mwendo. Injini ikiwa dhaifu, mizunguko yenyewe hukataa kupanda.

Tatu, si kila jambo ni ugonjwa. Asubuhi kabla injini haijapata joto, magari mengi ya aina hii hayaingii gia ya nne. Hivyo ndivyo yalivyotengenezwa. Subiri lipate joto kabla ya kulihukumu.

Hatua ya pili: soma oili

Oili ya giaboksi ndiyo inayosukuma klachi, inayolainisha na inayopoza. Ikipungua au ikiharibika, kila kitu huharibika. Gari liwe mahali tambarare, liwe limetembea mpaka likapata joto. Injini ikiwa inanguruma na mguu ukiwa kwenye breki, pitisha wenzo wa gia polepole katika kila nafasi, kisha urudi P. Chomoa dipstiki, ipanguse, irudishe, kisha uichomoe tena. Katika Toyota nyingi za zamani kuna alama ya baridi na alama ya moto. Wewe soma ile ya moto. Ukipima injini ikiwa imezimwa utadanganyika. Baadhi ya magari ya baadaye hayana dipstiki ya giaboksi kabisa, nayo hupimwa na fundi kwa kifuniko cha chini.

Sasa dondosha oili kwenye kitambaa cheupe. Ikiwa nyekundu na safi, ni nzuri. Ikiwa ya kahawia, imechoka. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, klachi zimeanza kuungua, na oili mpya peke yake haitazirudishia uhai. Ikiwa na povu la waridi kama maziwa yaliyotiwa rangi, maji yameingia. Hapo zima gari, usiliendeshe hata kilomita moja.

Naomba tutulie kidogo kwenye suala hili la maji, kwa sababu linatuhusu sisi. Katika magari mengi oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta, kwa bomba dogo lililozungukwa na maji ya injini. Visima vingi vya kuchimbwa upande wetu hutoa maji ya chumvi. Dereva akiona maji yamepungua huchota kisimani na kumimina. Chumvi hula chuma polepole. Siku moja lile bomba la ndani hutoboka, maji huingia kwenye giaboksi na oili huingia kwenye rejeta. Kwa hiyo ukiona povu la waridi kwenye dipstiki, fungua rejeta ikiwa imepoa. Ukikuta mafuta yanaelea huko pia, rejeta ndiyo iliyotoboka. Ukikuta maji ya rejeta ni safi na gari lilivuka mto uliojaa hivi karibuni, huenda maji yaliingia kupitia mpira wa kupumulia wa giaboksi.

Kinga yake ni rahisi. Tumia maji ya kupoza injini yanayouzwa madukani, au angalau maji ya mvua yaliyokingwa safi, na uweke jeri moja ndani ya gari. Rejeta iliyozeeka ibadilishwe kabla haijatoboka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuhusu aina ya oili, soma maandishi yaliyo kwenye dipstiki au kitabu cha gari. Toyota nyingi za miaka ya 1990 huandikwa Dexron. Baadhi ya Mitsubishi zina aina yake. Usichukue oili kwa sababu tu ni nyekundu.

Hatua ya tatu: uliza umeme na kebo

Giaboksi nyingi za miaka ya 1990 huongozwa na kompyuta. Katika Toyota nyingi za wakati huo, taa ya O/D OFF ikianza kumetameta yenyewe, kompyuta inasema kuna kosa imeliona. Huhitaji mashine ya gharama kubwa kulisoma. Chini ya boneti kuna kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSIS. Fundi huunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, huhakikisha swichi ya ovadraivu haijazimwa, huwasha ufunguo bila kuwasha injini, kisha huhesabu mimeto. Taa ikimeta mfululizo kwa kasi moja, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikimeta mara nne, ikatulia, kisha mara mbili, hiyo ni 42: sensa ya mwendo. Namba 61 ni sensa ya pili ya mwendo. Namba 62 na 63 ni solenoidi za kubadilisha gia, na 64 ni solenoidi ya kufunga konvata. Lakini angalieni sana: ukikosea matundu unaweza kuunguza kompyuta. Kama huna hakika, muachie anayejua.

Namba haisemi "badilisha kifaa hiki". Inasema "anza kutafuta hapa". Fuata waya kutoka kwenye plagi mpaka mwisho. Panya, mawe ya njiani, matope na kutu kwenye plagi ni sababu kubwa kuliko kifaa chenyewe. Kama ningeufuata waya siku ile, mzee wangu angebaki na mbuzi wake.

Kuna pia kebo inayotoka kwenye kanyagio la mafuta hadi giaboksi. Ikilegea, gia hubadilika mapema mno na klachi huteleza. Ikikazwa kupita kiasi, gia huchelewa kisha huingia kwa kishindo. Kuirekebisha ni kazi ya spana mbili.

Fundi anaweza pia kuchomoa plagi ya solenoidi na kuendesha gari kwa kubadilisha L, 2 na D kwa mkono. Kila nafasi ikitoa gia yake tofauti bila kuteleza, sehemu za ndani ni nzima na kosa liko kwenye umeme.

Hatua ya nne: pima kwa saa

Oili ikiwa ya moto na breki ya mkono ikiwa imevutwa, toa wenzo kutoka N uweke D, uhesabu muda mpaka usikie gari likishika. Katika Toyota hizi muda huo usizidi sekunde 1.2. Kutoka N hadi R usizidi sekunde 1.5. Acha dakika moja kati ya kipimo na kipimo. Ikichelewa kwenye D na R zote, shuku oili iliyopungua au presha ndogo. Ikichelewa kwenye moja tu, shuku klachi ya upande huo.

Kuna kipimo kingine cha kukanyaga mafuta mpaka mwisho huku gari limezuiwa kwa breki. Kipimo hicho ni cha fundi mwenye uzoefu, na kisizidi sekunde 5. Zaidi ya hapo oili huchemka, na anayetafuta ugonjwa huwa ndiye aliyeuleta. Asisimame mtu mbele wala nyuma ya gari.

Baada ya hatua hizo nne, ndipo tunafungua sinia la chini. Kwenye sumaku zake, unga laini wa kijivu ni wa kawaida kwa gari lililozeeka. Vipande vya chuma vinavyong'aa au maganda meusi ya klachi ni habari mbaya. Hapo sasa nitakubali kwamba giaboksi iteremshwe. Mwenye gari, dai uonyeshwe ulichoambiwa kimeharibika, na orodha ya kazi iandikwe kabla spana haijashikwa. Fundi mwaminifu hachukizwi na swali hilo.

Kwa madereva

Mkiingia kwenye mchanga wa mto, wekeni L4 kabla ya kukwama. Gia ndogo huipunguzia konvata kazi, na joto hupungua. Usibadilishe D na R kwa fujo ukitaka kujinasua. Shuka, chimba, punguza upepo wa magurudumu. Magari mengine yana taa ya joto la oili ya giaboksi. Ikiwaka, simama, weka P, acha injini iendelee kunguruma mpaka taa izime. Ukizima injini, pampu ya oili husimama na joto hubaki pale pale.

Kwa sababu hiyo hiyo, gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa, wala halivutwi mwendo mrefu magurudumu yakiwa chini. Injini ikiwa imezimwa, giaboksi huzunguka bila oili. Libebeni juu ya lori. Kama ni lazima kulivuta, someni kitabu cha gari kwanza, kwa maana transfa hazifanani.

Ndugu zangu, sisemi giaboksi haziharibiki. Zinaharibika, na nyingine huwa zimeshafika mwisho. Ninachosema ni kwamba kitambaa cheupe, saa ya mkononi na kipande cha waya vinaweza kuokoa mali ya nyumba nzima. Mwenye gari ajue kuuliza, na fundi awe na subira ya kutafuta. Ukiondoka hapa, kabla hata ya kwenda nyumbani, chomoa dipstiki yako uitazame.