Kifua Kikuu Kilichokaa Shingoni



Jina nalo huweza kumponza mtu. Ugonjwa huu tumeuita kifua kikuu, basi kila mmoja wetu anautafuta kifuani, na asiyekohoa hujiona hanao. Leo naomba tuongee juu ya shingo.

Ninaye binamu yangu Rhotia, kwenye ile barabara ya watalii waendao Ngorongoro, kabla hujafika Karatu mjini. Kule juu kuna baridi, na asubuhi kila mtu amejifunga shuka au skafu. Kwa hiyo uvimbe ulipomtoka chini ya taya, aliufunika miezi mitatu bila mtu kumwuliza. Haukumuuma. Waliouona wakasema ni jino, wengine wakasema karogwa. Alipokwenda zahanati alipewa vidonge, akarudi akapewa vingine. Makohozi yakapimwa, hayakuonyesha kitu. Akaambiwa hana TB.

Hapo ndipo penye mtego. Kijidudu kimekaa kwenye tezi, makohozi yataonyesha nini? Ni tezi yenyewe ya kuulizwa. Baadaye, hospitali, walimchoma sindano nyembamba kwenye uvimbe, wakavuta majimaji yakapelekwa maabara. Siku ile ile akapimwa damu, akakutwa na virusi vya UKIMWI.

Mambo haya mawili hufuatana. Virusi vikishawapunguza askari wa mwili, kijidudu cha TB ambacho pengine kilikuwa kimelala miaka mingi huamka na kusambaa hadi kwenye tezi, uti wa mgongo, hata utando wa ubongo. Mpango wetu wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanza mwaka 1977 kwa msaada wa Dakta Karel Styblo, ulikuwa umekwisha kuwa mfano kwa nchi nyingine. Kisha mwaka 1983 wakatambuliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kule Kagera, na kazi ikawa ngumu upya.

Na kuna suala la maziwa. Dakta Sayoki Mfinanga na wenzake waliwapima wagonjwa wa tezi mkoani Arusha, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004 wakaeleza kuwa baadhi yao walikuwa na kijidudu cha TB ya ng'ombe. Hicho hupita katika maziwa yasiyochemshwa. Najua wazee watanikasirikia. Chemsheni tu.

Narudi kwa binamu. Dawa za TB ni za miezi sita, na hazilipiwi. Nyumbani wakamtengea sahani na kikombe, akawa anakula peke yake, ingawa TB ya tezi pekee, mapafu yakiwa mazima, haimwambukizi mtu mwingine. Nadhani sahani ile ilimwumiza kuliko sindano. Wiki mbili baadaye akaanzishiwa ARV. Mwezi haujaisha, uvimbe ukawa mkubwa kuliko mwanzo, na mwingine ukachomoza upande wa pili.

Akanipigia simu usiku. "Kaka, dawa hizi zinaniua. Nazitupa chooni."

Sikuwa na la kumjibu. Nilimsihi asubiri kuche.

Muuguzi ndiye aliyemweleza. Askari wa mwili waliokuwa hoi wamepata nguvu, sasa wanawashambulia vijidudu, na vita hiyo ndiyo inayovimbisha. Ikizidi, daktari anayo dawa ya kuituliza. Lakini arudi akaonwe, asijiamulie. Maelezo hayo yalichukua dakika tano, nami najiuliza kwa nini hakupewa siku ile ya kwanza alipokabidhiwa vidonge. Angelala usingizi.

Dozi aliimaliza. Nilipokwenda kumtazama nilimkuta uani anapukuchua mahindi pamoja na wenzake, wanacheka. Tezi moja bado inagusika kidogo, daktari amemwambia hilo si ajabu. Skafu alikuwa ameianika kwenye kamba ya nguo.