Je, Simu Janja ya Mezani Isiyo na Waya Inafaa Nyumbani?



Swali lililoletwa mbele ya kikao hiki linahusu pesa za nyumbani. Kuna simu za mezani zisizo na waya ambazo huuzwa kwa jina la simu janja. Zina kioo cha kugusa, zinaingia kwenye Wi-Fi, zinafungua barua pepe, na papo hapo zinapokea simu zinazopigwa kwa nambari ya nyumba. Baadhi ya wakazi wameletewa na jamaa walio ng'ambo, wengine wameziona zikitangazwa mtandaoni. Je, mtu atoe pesa anunue?

Kwa nyumba nyingi, hapana. Hata hivyo, zipo nyumba chache ambazo simu ya mezani isiyo na waya, ile ya kawaida isiyo na ujanja wowote, inaweza kuwa na faida kubwa, hasa pale mzee anapoishi peke yake au na kijana wa kazi tu. Kwa hiyo si haki kulijibu swali hili kwa neno moja na kuliacha hapo.

Simu ya aina hii ina sehemu mbili. Kuna kitako, yaani kile kisanduku kinachokaa mezani na kuunganishwa kwa laini ya simu na kwa stima. Halafu kuna mkono wa simu, ambao mtu huubeba kutoka sebuleni hadi jikoni au nje kwenye ua. Vitu hivi viwili huzungumza kwa mawimbi ya redio kwa utaratibu uitwao DECT, ulioanzia Ulaya. Mahali peupe mawimbi hayo hufika takriban mita 300, na ndani ya nyumba kama mita 50. Kuta nene hupunguza. Mwenye nyumba ya mawe ya matumbawe katika Mji wa Kale wa Mombasa asitarajie mita 50, na mwenye milango ya chuma na kuta za mabati pia asitarajie.

Jambo linalosahaulika sana ni kwamba kitako bila laini ni pambo. Simu hii haina mahali pa kutia kadi ya laini ya Safaricom, Airtel au Telkom. Inahitaji laini ya mezani iliyofika nyumbani, na laini hizo nchini Kenya hazikuwahi kuwa nyingi. Wazee wanakumbuka enzi za Shirika la Posta na Simu, wakati mtu aliomba laini akangoja hata miaka. Shirika hilo liligawanywa mwaka 1999, na upande wa simu ukawa Telkom Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi nzima ilikuwa na laini za mezani zipatazo laki tatu tu. Kisha simu za mkononi zikaenea, M-Pesa ikaja mwaka 2007, wezi nao wakawa wanakata nyaya za shaba na kuziuza kama vyuma chakavu. Mitaa mingi iliyokuwa na laini sasa imebaki na nguzo.

Penye laini siku hizi, mara nyingi imekuja na faiba. Kisanduku cha faiba kilichopigiliwa ukutani huwa na tundu dogo la simu, aghalabu limeandikwa TEL au POTS. Tundu hilo kuwapo si kusema kwamba lina huduma. Kampuni lazima iiwashe huduma ya simu na kumpa mteja nambari, na si kila kampuni ya faiba hufanya hivyo. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuipigia kampuni inayoleta intaneti nyumbani na kuiuliza wazi kama inatoa nambari ya mezani, na kwa bei gani kila mwezi. Wakisema haitoi, mjadala umekwisha hapo, na pesa zimebaki mfukoni.

Tuseme laini ipo. Sasa huo ujanja wa simu una thamani gani?

Kampuni kadhaa zilijaribu biashara hii. Archos ya Ufaransa ilitoa simu ya nyumbani yenye Android mnamo mwaka 2011. Panasonic ilitoa yake, na Gigaset ya Ujerumani ikatoa SL930A, yenye kioo cha inchi 3.2 na Android 4.0. Zilikuwa simu nzuri siku zilipotoka. Lakini programu za simu huzeeka haraka kuliko simu yenyewe. Kuanzia Novemba 2021, WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android 4.0. Google nayo ilikuwa imeshaacha kuihudumia Android hiyo tangu mwaka 2019 hivi. Maana yake ni kwamba mtu anayeuziwa simu kama hiyo leo, hata ikiwa mpya ndani ya boksi, anapata kioo ambacho hakitafungua WhatsApp, na ambacho hakipokei tena marekebisho ya usalama. Kuandika nywila ya barua pepe au ya benki kwenye kifaa cha namna hiyo ni hatari. Gigaset yenyewe ilitangaza kufilisika mwaka 2023, na biashara yake ikachukuliwa na VTech ya Hong Kong.

Na hata kama programu zingekuwa mpya, simu hiyo ingefanya nini ambacho simu ya mkononi haifanyi? M-Pesa haipo humo, kwa kuwa hakuna kadi ya laini. Ukitoka getini imekwisha. Picha zake ni duni. Mtu mwenye simu janja mfukoni, hata ya bei ya chini, tayari ana kifaa bora kuliko hicho. Kulipia kioo cha pili kinachokaa mezani ni kulipa mara mbili kwa kazi ile ile.

Linalostahili muda mrefu zaidi ni la stima.

Simu ya zamani ya mezani, ile ya kuzungusha au ya vitufe iliyofungwa kwa waya, haikuhitaji soketi. Ilipata umeme wake kupitia nyaya zile zile za simu, volti 48 kutoka kwenye betri za kituo cha simu. Stima ilipopotea mtaani, simu iliendelea kulia. Ndiyo sababu watu wengi hadi leo huamini kwamba simu ya mezani ndiyo ya kutegemewa usiku wa giza. Imani hiyo ilikuwa ya kweli kwa simu ile. Kwa hii isiyo na waya si kweli. Mkono wake una betri, lakini kitako hakina. Stima ikikatika, kitako kinazima, na mkono unabaki ukitafuta mtu wa kuzungumza naye. Laini ikiwa ya faiba, kisanduku cha ukutani nacho kimezima. Vifaa viwili vinahitaji stima, na kimoja kikikosa, nyumba imenyamaza.

Mwezi Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikosa stima kwa saa nyingi, hata Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani. Vijijini, kukatika kwa jioni moja au mbili si habari. Mzee akianguka bafuni usiku kama huo, simu iliyonunuliwa kwa ajili ya dharura hiyo hiyo ndiyo itakayokuwa imekufa.

Uingereza, nchi yenye laini nyingi za mezani, imekutana na tatizo hilo hilo. Kampuni za simu huko zinaondoa nyaya za shaba na kuhamishia sauti kwenye intaneti. Wazee wengi huko huvaa kengele ya dharura shingoni au mkononi, iliyounganishwa na laini ya simu. Baada ya kengele kushindwa kufanya kazi kwa baadhi ya waliohamishwa, mnamo Desemba 2023 kampuni zilikubaliana na serikali kusitisha kuwahamisha watu bila hiari yao. Siku ya kuzima laini za zamani ilikuwa mwisho wa mwaka 2025, ikasogezwa hadi Januari 2027. Ikiwa nchi ambayo stima yake hukatika kwa nadra imelazimika kusimama na kufikiri, nyumba ya hapa ina sababu zaidi.

Dawa ipo, na si ghali sana. Maduka ya vifaa vya elektroniki huuza betri ndogo za akiba za kuendeshea kisanduku cha intaneti, nyingi zikiwa za volti 12. Kitako cha simu mara nyingi hutaka volti chache kuliko hizo, kwa hiyo ni lazima kusoma maandishi kwenye chaja yake kabla ya kukichomeka. Ukikosea, kitako kinaungua. Zipo betri zenye matundu ya volti tofauti, na hizo ndizo za kuulizia. Asiyetaka gharama hiyo, na ambaye kisanduku chake cha faiba kina huduma ya simu, anunue simu ya kawaida ya waya. Hapo kifaa cha kukilinda dhidi ya giza kinabaki kimoja tu.

Sasa simu zinazoletwa na jamaa kutoka Marekani. Kwenye boksi huandikwa DECT 6.0. Hiyo 6.0 si toleo la sita la kitu chochote, ni jina la biashara. Tofauti halisi ni masafa. Simu za DECT za Ulaya hutumia masafa ya kati ya 1880 na 1900 MHz. Za Marekani hutumia 1920 hadi 1930 MHz. Hapa Kenya, masafa yanayoanzia 1920 MHz ni ya mitandao ya simu za mkononi. Ndiyo simu hutumia kuzungumza na minara ya 3G. Kitako cha Marekani kikiwashwa sebuleni, kinapiga kelele ndani ya masafa ya watu wengine, na majirani wanaweza kuanza kulalamika kwamba simu zao zinakatika bila mtu kujua chanzo. Sheria ya Habari na Mawasiliano inataka vifaa vya mawasiliano viidhinishwe na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kabla ya kutumiwa au kuuzwa, na hii ndiyo sababu mojawapo. Tena chaja ya Marekani ni ya volti 120 na soketi za hapa zina 240. Isipokuwa imeandikwa kwamba inakubali zote mbili, itatoa moshi. Zawadi kutoka kwa mtoto aliye Minnesota ni zawadi, lakini hii abaki nayo huko.

Basi ni nani anunue?

Kuna mzee ambaye kioo cha kugusa kinamshinda. Vidole vimekauka, macho yamefifia, na kila mara anapopokea simu anaikata kwa bahati mbaya. Simu ya mkononi husahaulika chini ya mto ikiwa imeisha chaji. Kwa mtu huyo, mkono wa simu wenye vitufe vikubwa, unaokaa siku zote mahali pamoja ukichaji, ni msaada mkubwa. Vitako vingi hukubali mikono zaidi ya mmoja, kwa hiyo mmoja unakaa kando ya kitanda na mwingine jikoni. Na kuna faida nyingine isiyotajwa madukani. Matapeli wanaowapigia wazee na kuwaagiza wabonyeze hiki na kile hadi pesa zitoke kwenye M-Pesa hawapati kitu kwa njia hiyo kwenye simu ya mezani isiyo na kadi ya laini. Bado wanaweza kumdanganya kwa maneno, lakini angalau mkoba wa pesa haupo ndani ya kifaa alichoshika.

Nyumba isiyo na faiba wala shaba isikate tamaa. Yapo madukani masanduku yanayofanana kabisa na simu ya mezani, yana mkono wake na vitufe vikubwa, lakini ndani yana mahali pa kadi ya kawaida ya simu ya mkononi. Mengi yana betri ndani yanayoiendesha saa kadhaa stima ikikosekana, mradi mnara wa karibu nao una umeme. Ni kama zile simu za Telkom za mezani zisizo na waya wa nje zilizopata umaarufu miaka ya 2000. Zile zilitumia mtandao wa CDMA, nao ulipozimwa zikabaki za kupamba kabati. Kwa hiyo muuzaji aulizwe mapema simu hiyo inatumia mtandao gani. Ikiwa ni ya 2G pekee, mteja aiache na atafute inayokubali 4G.

Betri nazo ziangaliwe. Mikono ya kawaida hutumia betri ndogo za AAA za kuchajiwa, zinazopatikana dukani zikizeeka baada ya miaka miwili au mitatu. Zile za redio au tochi, za kutumia mara moja, zisitiwe humo kamwe. Zikichajiwa huvuja na huweza kupasuka. Simu janja aghalabu zina betri ya umbo lake pekee, na ikifa miaka mitano baadaye, fundi wa mtaani hana ya kubadilisha.

Aliyeamua kununua na afanye jaribio moja kabla ya siku ya kurudisha bidhaa kupita. Aunganishe kila kitu, azime swichi kuu ya stima ya nyumba, kisha ampe mzee mwenyewe mkono wa simu na amwombe apige kwa mtoto wake au kwa jirani aliyekubali kupokea. Simu ikiita, ibaki. Nambari za dharura, 999 na 112, ziandikwe kwa kalamu nene kwenye karatasi na kubandikwa ukutani juu ya kitako, pamoja na nambari ya jirani wa karibu zaidi mwenye gari.