Aliyeila Akiba ya Chipu

Tarehe 22 Machi 2012, kampuni ya Nvidia ya Marekani ilitoa kadi ya grafiksi iitwayo GeForce GTX 680. Kadi ya grafiksi, kwa msikilizaji ambaye hajawahi kuifungua kompyuta yake, ni kile kibao chenye chipu yake na feni zake kinachochora kila kitu unachokiona kwenye skrini, na bila hicho gemu kubwa haichezeki. GTX 680 ilisifiwa sana, na kwa haki: ilishinda kwa kasi ile iliyoitangulia, GTX 580, na bado ilikadiriwa kutumia wati 195 tu badala ya 244. Lakini ndani yake mlikuwa na mambo mawili yaliyoingia siku moja. La kwanza lilitangazwa kwa shangwe: chipu sasa iliweza kujiongezea kasi yenyewe. La pili halikupigiwa ngoma: volteji ya chipu iliwekewa dari ambayo mwenye kadi hakuruhusiwa kuivuka. Wapenzi wa kompyuta wamelalamikia hilo la pili kwa miaka mingi na kuona la kwanza kama zawadi. Mimi nasema leo kwamba yote mawili ni tendo moja, na asiyeyasoma pamoja hataelewa kwa nini kufuli lile la volteji halikufunguliwa tena kikamilifu.

Turudi nyuma kidogo. Chipu hazitoki kiwandani zikiwa sawa. Hata zilizokatwa kwenye bamba moja la silikoni hutofautiana: hii itastahimili mapigo mengi kwa sekunde, ile itakwama mapema. Kiwanda huzipima, huzipanga kwa madaraja, kisha huandika juu ya kila daraja kasi ambayo hata chipu iliyo dhaifu kuliko zote katika daraja hilo itaimudu, wakati wa joto, kwa miaka. Kwa hiyo chipu nyingi huuzwa zikiwa na uwezo mkubwa kuliko ulioandikwa. Tofauti hiyo ndiyo akiba ninayoizungumzia. Kuovakloki, yaani kuiendesha chipu kwa kasi kubwa kuliko ile ya kiwandani, ni kuitumia akiba hiyo bila kulipa senti ya ziada. Mfano unaokumbukwa zaidi si wa kadi ya grafiksi bali wa prosesa, ile chipu kuu ya kompyuta: Celeron 300A ya Intel, iliyotoka Agosti 1998. Iliuzwa kama prosesa ya bei rahisi ya megahezi 300, na watu wengi waliifikisha 450, nusu nzima zaidi, kwa kupandisha tu mwendo wa njia inayoiunganisha na ubao mama kutoka megahezi 66 hadi 100.

Kasi ikigoma kupanda, fundi huongeza volteji, na hapo hesabu hubadilika sura. Nguvu inayoliwa na chipu hufuata mapigo yake, lakini hufuata mraba wa volteji. Ukipandisha mapigo kwa asilimia 10 na volteji kwa asilimia 10, matumizi ya umeme hayapandi kwa asilimia 20; yanapanda kwa takriban asilimia 33, na karibu yote hayo yanageuka kuwa joto. Juu ya joto kuna uchakavu wa polepole: mkondo mkali wa umeme husukuma chembe za metali ndani ya nyaya nyembamba za chipu hadi siku moja uzi ukatike. Mwenye kadi haoni kitu kwa miezi kadhaa. Kisha picha zinaanza kuchafuka, kompyuta inazima katikati ya gemu, naye anakwenda dukani akiwa na risiti mkononi.

Kwa hiyo nisingependa mtu yeyote aseme kwamba watengenezaji walibuni hatari ambayo haikuwepo. Nvidia yenyewe ilijua gharama ya chipu zinazokufa mapema. Julai 2008 ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya matengenezo na marejesho, baada ya chipu zake za kompyuta mpakato kuonekana zikiharibika kwa wingi kwa sababu ya udhaifu wa malighafi zilizotumika kuzishikiza, udhaifu uliojitokeza kadiri zilivyopata joto na kupoa, kupata joto na kupoa. Machi 2011 ikaja GTX 590, kadi yenye chipu mbili na makadirio ya wati 365, na wapimaji kadhaa waliochezea volteji yake waliona kadi zikifa mezani; video ya kadi ikitoa moshi ilizunguka dunia. Kampuni iliyopitia hayo mawili ndani ya miaka mitatu ina sababu ya kuogopa.

Ila hofu peke yake haielezi historia yote, maana makufuli ya kwanza yalikuwa na baba mwingine. Katika miaka ya 1990 walikuwepo matapeli waliofuta maandishi juu ya prosesa za bei ndogo, wakachapa namba kubwa, wakaziuza kama za bei kubwa. Intel ilipoanza kufunga kizidishi cha kasi kwenye prosesa zake, yaani namba inayozidishwa na mwendo wa njia ya ubao mama ili kupata kasi ya prosesa, utapeli huo ulikuwa hoja yake, tena hoja ya kweli. Lakini kufuli lililomzuia tapeli lilimzuia pia mnunuzi halali asijipatie prosesa ya bei kubwa kwa pesa za bei ndogo. Mwaka 2000 watu walifungua prosesa za AMD, mshindani wa Intel, kwa kuchora mstari wa penseli juu ya viunganishi vidogo vilivyokatwa, kwa kuwa grafiti ya penseli hupitisha umeme. Desemba 2010, kadi ya grafiksi ya AMD iitwayo Radeon HD 6950 ilionekana kuwa pacha wa HD 6970: ukiipakia bayosi (programu ya msingi iliyomo ndani ya kadi) ya mkubwa wake, viini vyake vya kuchakata vilitoka 1,408 hadi 1,536, na bei ilibaki ileile uliyolipa. Hapo hapakuwa na chipu iliyookolewa kutoka kifo. Palikuwa na rafu mbili dukani, na ukuta wa programu kati yake.

Sasa turejee 2012. Kabla ya GTX 680, akiba ya chipu ilikuwa ya yeyote mwenye ujasiri wa kuichukua. Kadi kama GTX 460, ya mwaka 2010, ilitoka na megahezi 675, na kupita 800 halikuwa jambo la kustaajabisha. GTX 680 iliandikwa megahezi 1,006, lakini chipu yenyewe ilipima umeme inaoutumia na joto lake, na palipobaki nafasi ikapanda hadi wastani wa 1,058, mara nyingi na zaidi ya hapo. Mtengenezaji hakuacha tena akiba ikilala ikimsubiri mwenye kadi. Aliichukua mwenyewe, akaiandika kwenye grafu za siku ya uzinduzi, akaiuza. Sasa fikirini: ukiwa umeitumia akiba karibu yote kwa mauzo yako, unaweza kweli kumwachia mteja usukani wa volteji? Huwezi. Zamani mteja aliyeongeza volteji alikuwa anakwenda kwenye eneo tupu kati ya kasi ya kiwandani na hatari. Baada ya 2012 kiwanda chenyewe kinaishi pembezoni mwa eneo hilo, na hatua moja ya mteja inamtoa nje. Kufuli la volteji halikuja kwa sababu wateja walizidi uzembe. Lilikuja kwa sababu mtengenezaji alisogea hadi walipokuwa wamesimama wao.

Namna lilivyofungwa nayo ina somo lake. Nvidia haitengenezi kadi nyingi zenye chipu zake. Huuza chipu kwa kampuni nyingine ambazo huunda kadi na kuziuza kwa majina yao. Nvidia ilikuwa na mpango uitwao Green Light, ambao kadi za washirika zilipaswa kuupita kabla ya kwenda sokoni. Oktoba 2012, EVGA, mshirika aliyejulikana kwa kadi za mafundi wa kasi, iliondoa kwenye GTX 680 Classified yake tundu la kuchomeka kifaa cha kupandisha volteji, ikaeleza kwamba ni kwa kufuata masharti ya Nvidia. Nvidia ilipoulizwa ilijibu kwamba haijamkataza mtu. Mshirika, ilisema, alikuwa na hiari mbili: abaki ndani ya mipaka apate waranti kamili ya chipu kutoka Nvidia, au aruhusu mteja kuivuka mipaka na asipate waranti yoyote. Jibu hilo ni la kweli, na ndilo linaloumbua. Mfanyabiashara anayeuza bidhaa za faida nyembamba hawezi kubeba peke yake hasara ya kila chipu iliyokufa. Hiari ya aina hiyo haihitaji marufuku.

Najua yupo msikilizaji atakayesema: tatizo liko wapi? Zamani akiba ilifaidiwa na wachache waliojua kufungua menyu za bayosi. Leo kila mnunuzi anaipata bila kujua hata jina lake. Hoja hii ni nzito kuliko zote, na naikubali kwa sehemu kubwa. Mzazi anayemnunulia mwanawe kompyuta ya gemu amepata kasi ambayo 1998 ilihitaji ujuzi na usiku wa kukesha. Lakini hoja hiyo inatetea kuongeza kasi kiotomatiki, haitetei kufuli. Mtu anaweza kuwekewa kasi nzuri tangu kiwandani na bado akaachiwa njia ya kuibadilisha kwa hasara yake mwenyewe. Nvidia yenyewe ilithibitisha hilo miezi kumi na moja baadaye: Februari 2013 ilitoa GTX Titan, ambayo iliruhusu nyongeza ndogo ya volteji baada ya mtumiaji kukubali onyo kwamba anaweza kuyafupisha maisha ya kadi yake.

Hoja nyingine husema kufuli ni ulinzi, kama kile kidhibiti mwendo ambacho kanuni za Waziri wa Uchukuzi Michuki ziliwalazimisha wenye matatu, yale mabasi madogo ya abiria, kukifunga kule Kenya mwaka 2004, mwisho kilomita 80 kwa saa. Mfano huo unapendeza hadi uulize nani yumo garini. Kidhibiti kinawalinda abiria na watembea kwa miguu dhidi ya dereva, nacho kiliwekwa na serikali kwa kanuni iliyochapishwa. Kadi ikiungua, anayeumia ni aliyeinunua, na dari yake iliwekwa na muuzaji, ambaye ana rafu ya bei ya juu zaidi pembeni.

Dari ile ya 2012 hata hivyo ilikuwa bado na mwanya: bayosi ya kadi iliweza kuhaririwa. Mwanya ulizibwa kwa sahihi za kidijitali. Kuanzia GTX 980 na wenzake wa Septemba 2014, sehemu nyeti za chipu zilikataa programu ya ndani isiyo na sahihi ya Nvidia, na kizazi cha GTX 1080 cha 2016 kiliikataa bayosi iliyohaririwa kabisa. Waliolipa kwanza hawakuwa mafundi wa kasi. Walikuwa wanaojitolea kuandika draiva huria (programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi) iitwayo Nouveau kwa ajili ya Linux: bila programu yenye sahihi hawakuweza kuipandisha kadi hata hadi kasi yake halali, ikabaki inatambaa kwa kasi ya kuwashiwa. Na ufunguo ukishakuwa mkononi mwa mmoja, hupata kazi nyingine. Februari 2021 Nvidia ilitoa RTX 3060 ikiwa imepunguzwa makusudi kwa nusu katika kuchimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum, ikasema kizuizi kimefungwa kati ya draiva, chipu na bayosi. Mwezi uliofuata kampuni hiyohiyo ikatoa draiva ya majaribio iliyokifungua kwa bahati mbaya.

Kinachobaki ni ile imani kwamba anayeshika volteji peke yake ataishika vizuri. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake za Core za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikipewa volteji ya juu kupita kiasi kwa maagizo ya programu yake yenyewe, nyingine zikaharibika kabisa. Ikatoa marekebisho Agosti na kuongeza waranti kwa miaka miwili. Hiyo ni prosesa, si kadi ya grafiksi, lakini mbio ni zilezile: kuikamua akiba hadi tone la mwisho ili namba kwenye boksi ipande.

Ndiyo maana siku hizi fundi makini anayeinunua kadi mpya mara nyingi hufanya kinyume cha walivyofanya wa 1998: anashusha volteji. Radeon RX Vega ya AMD, ya mwaka 2017, ilijulikana kwa hilo; ilitoka kiwandani na volteji nyingi kuliko ilivyohitaji, na nyingi zikishushiwa kidogo zilipoa, feni zikatulia, na wakati mwingine kasi ikapanda. Lakini kufuli halijui kupanda wala kushuka. Desemba 2019 watafiti wa vyuo vikuu vya Ulaya walionyesha shambulio waliloliita Plundervolt, linaloshusha volteji ya prosesa za Intel hadi zikosee hesabu na kuvujisha siri. Hatari ilikuwa ya kweli, hasa kwa seva zinazotunza siri za watu wengi. Tiba iliyofuata ni masasisho ya bayosi yaliyofunga udhibiti wa volteji, na kwenye kompyuta mpakato nyingi wenyewe waliamka wakakuta hawawezi tena kuipunguzia joto mashine iliyo mapajani mwao.