Bawa Angani, Askari Lindoni



Uko mchezo wa kuruka kwa bawa la kitambaa, ama laini kama mwavuli, ama lililotandazwa juu ya kiunzi cha mabomba. Mrukaji hukimbia mtelemkoni, na upepo humwinua. Nchini Kenya, ukingo wa Iten juu ya Bonde la Kerio una sifa kwa mchezo huo, kwani bonde likipata joto, hewa hupanda na kulibeba bawa. Bujumbura nayo ina milima upande wa mashariki na Ziwa Tanganyika upande wa magharibi.

Lakini baina ya mlima na ziwa pana mji wenye watu wengi na uwanja wa ndege. Mkataba wa Chicago wa 1944 unatambua kwamba kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga yake. Hata katika hifadhi za taifa za Marekani, mtu haruki wala hatui kwa bawa ila mahali palipotengwa au kwa kibali. Wakazi wa Bujumbura wanaifahamu kanuni ya namna hiyo: mwezi Machi 2014, mbio za makundi ziliwekewa viwanja maalumu.

Tahadhari hiyo ina sababu. Usiku wa 25 Novemba 1987, mpiganaji mmoja aliruka kutoka kusini mwa Lebanoni kwa bawa lenye mota, akashambulia kambi karibu na Kiryat Shmona; askari 6 wa Israeli wakauawa. Tarehe 7 Oktoba 2023, mabawa yenye mota yalivuka mpaka kutoka Gaza.

Je, kila ashukaye bustanini ni adui? Hasha! Bawa lisilo na mota haliwezi kurudi kileleni pasipo hewa ya kuliinua. Upepo ukigeuka, mrukaji hutua popote apatapo nafasi. Askari anayesinzia lindoni humfungulia adui mlango. Naye anayefyatua risasi kwa hofu huweza kumwua kijana aliyepotezwa na upepo.

Kinachotenganisha mchezo na uvamizi ni taarifa. Jina la mrukaji, saa yake na mahali atakapotua vifike lindoni kabla miguu yake haijaacha ardhi. Aliyetua bila kibali na bila silaha azuiliwe, ahojiwe, apelekwe mbele ya sheria akiwa hai. Silaha ya kwanza ya mlinzi ni kujua.