Mizani ya Eropleni
(Hotuba kwa wanachama, Bugwema)



Tangu Oktoba 2023, Shirika la Ndege la Tanzania lilipopokea eropleni yake ya kwanza ya Boeing 737 MAX 9, wapo wenzetu ambao, wakienda Mwanza kupanda ya Dar es Salaam, huuliza kwanza ni ya namna gani. Hatuwacheki. Tarehe 10 Machi 2019 MAX 8 ya Ethiopia, iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi, ilianguka dakika 6 baada ya kuruka, wakafa watu wote 157. Oktoba 2018 nyingine ya aina hiyo ilizama Indonesia pamoja na watu 189. (Ile ya Bukoba ya mwaka 2022 ilikuwa ya aina nyingine kabisa, tusizichanganye.)

Lakini yasemwayo barazani si kweli yote. Husemwa eti eropleni hii haina mizani, na kompyuta ikizimika huanguka kama jiwe. Sivyo. Injini zake ni kubwa kuliko za zamani, nazo zimewekwa mbele na juu zaidi. Kwa hiyo pua ikiinuliwa mno, usukani huwa mwepesi kuliko sheria iruhusuvyo. Basi. Wakaguzi wa Ulaya waliichunguza pasipo mtambo wa kurekebisha wepesi huo, wakaona yaweza kurushwa salama.

Kosa lilikuwa katika mtambo wenyewe, nasi makarani tutalifahamu upesi. Kazi yake ni kuinamisha pua, nao ulisikiliza kipimo kimoja tu, ingawa eropleni ina viwili. Ni sanduku la fedha lihesabiwalo na mtu mmoja, asiye na wa kumhakiki! Kipimo kiliposema uongo, pua ilisukumwa chini tena na tena. Na wale marubani wa Indonesia hawakuwa wameambiwa kwamba mtambo huo upo.

MAX zote zilizuiwa mwaka 2019. Marekani ilizirudisha Novemba 2020: sasa vipimo viwili hulinganishwa, vikihitilafiana mtambo hunyamaza, na marubani sharti wafunzwe habari zake.

Tena Januari 2024, huko Marekani, kipande cha ubavu wa MAX 9 kiling'oka angani, kwa kuwa bolti zake hazikurudishwa kiwandani. Hakufa mtu. Hilo nalo si la mizani, ni la ukaguzi. Kwa hiyo twawaomba wanaouliza pale Mwanza waendelee kuuliza.