Mwimbaji Aliyekaribia Kuteleza
Hotuba kwa ibada ya jubilei ya kwaya

Wanakwaya, leo mnatimiza miaka 25.

Nimeombwa kusema neno juu ya kumtumaini Mungu wakati aibu inatoka ndani ya kanisa lenyewe. Biblia inaye mwanakwaya aliyepita njia hiyo. Jina lake ni Asafu.

Daudi alimweka Asafu kuongoza sifa mbele ya Sanduku la Agano, matoazi mkononi. Waimbaji waliofunzwa walikuwa 288, wakihudumu kwa zamu 24 (1 Nyakati 25). Hata hivyo, Zaburi ya 73 inatuonyesha kiongozi huyu akikaribia kuanguka. Aliona wenye kiburi wakinenepa na watu wakiwafuata, akajiona amejitunza bure.

Wapendwa, nasi tumefika hapo. Mwaka 2023 tulishuhudia miili zaidi ya 400 ikifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi. Wengi walikuwa wameambiwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Tunasikia pia juu ya maombi yanayouzwa na harambee zisizosomewa hesabu. Kijana wetu anauliza, "Kama ndani ni hivi, naimba ya nini?" Tusimkemee. Asafu aliuliza kabla yake.

Asafu alifanya nini? Aliwafikiria wadogo, asiwavunje moyo kwa maneno ya kukata tamaa. Lakini hakuuficha uovu, kwani ameutaja katika zaburi yenyewe. Kisha akaingia patakatifu, na humo akaona mwisho wa waovu. Alipotoka, mali yao ilikuwa palepale. Yeye ndiye aliyebadilika: alijua sasa kwamba Mungu amemshika mkono wa kuume.

Basi tusichanganye mambo. Kumtumaini Mungu si kumtumaini kila anayesimama kwa jina lake. Anayemtumaini Mungu anaweza kuuliza fedha zilikwenda wapi. Anaweza kumripoti anayemdhuru mtoto, hata kama ana cheo madhabahuni. Anaweza pia kusema hapana. Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango wa Rais kwa kanisa la Soweto, na sehemu ya fedha hizo ilikuwa ya kwaya. Kila mwanakwaya hapa anajua bei ya sare na ya kinanda. Kurudisha fedha kama hizo ni kuamini kwamba Mungu ana njia nyingine.

Nasi tuanzie kwetu. Hesabu za kwaya zisomwe bila mtu kuziomba. Binti anayekuja mazoezini jioni awe salama hadi afike kwao. Ugomvi wa nani atangulize wimbo uishe kabla hatujaikaribia Meza ya Bwana. Tusililie kanisa la taifa huku la nyumbani likivuja.

Nimalizie na habari njema. Wafalme na makuhani waliomfuata Daudi wengi waliharibika, na mwaka 586 kabla ya Kristo Wababeli wakalichoma hekalu. Mtu angesema uimbaji umekwisha. Lakini Ezra anapowahesabu waliorudi kutoka uhamishoni, anaandika wana wa Asafu: waimbaji 128. Msingi wa hekalu jipya ulipowekwa, hao ndio waliosimama na matoazi kumsifu Bwana (Ezra 2 na 3). Jengo liliungua, lakini kwaya Mungu aliihifadhi, ugenini, mzazi akimfundisha mtoto.

Kwa hiyo, wanakwaya, fundisheni watoto kuimba, na muishi yale mnayowaimbisha. Aliyewalinda wana wa Asafu ndiye aliyewafikisha leo.

Jubilei njema, na Mungu awabariki.